Nafasi Nne: Nilivyokagua Badiliko la Amri ya Kuunganisha

Niliidhinisha badiliko lile la msimbo nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Ngong, jioni ya Alhamisi, tukiwa tumekwama karibu na Dagoretti Corner huku mvua ikinyesha. Lilikuwa badiliko dogo: mistari 17 mipya, mistari 3 iliyofutwa, na jaribio moja la kuthibitisha kwamba linafanya kazi. Nililisoma kwenye simu, nikaona maelezo yake yameandikwa vizuri kuliko tulivyozoea, nikaona jaribio limepita, nikaandika "Nimeridhika, endelea," kisha nikairudisha simu mkobani kwa kuwa kondakta alikuwa amefika safu yetu akidai nauli. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sitaki msomaji adhani kwamba kosa lilikuwa la kijana aliyeandika msimbo.

Ofisi yetu iko karibu na Adams Arcade. Kazi yetu kubwa ni programu inayotumiwa na vyama vya akiba na mikopo kukokotoa marejesho, riba na adhabu. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, na msimbo wake tunautunza kwa Git, programu inayohifadhi kila badiliko la msimbo. Miaka kadhaa iliyopita niliandika skripti, yaani programu fupi, inayokaa juu ya Git, yenye amri chache za Kiswahili, na inayotumiwa zaidi ni `unganisha`. Amri hiyo huangalia kama kuna kazi ambayo haijahifadhiwa, huchukua matoleo mapya kutoka kwenye seva, huita `git merge`, amri ya Git yenyewe ya kuunganisha, kisha huendesha majaribio yetu yote. Ni mimi niliyeiandika, na kwa hiyo kila mtu anayetaka kuibadilisha huniletea mimi kwanza.

Kwa asiyeishi na zana za aina hii, kuunganisha matawi mawili ya msimbo kunafanana na yale yanayoweza kuwapata makatibu wawili wa chama walionakili daftari moja la wanachama, kila mmoja akaenda nyumbani na nakala yake na kuirekebisha. Wakikutana, hawawezi kujua ni nani aliyebadilisha nini kwa kutazama nakala zao mbili peke yake. Wanahitaji kitu cha tatu, yaani daftari lenyewe kama lilivyokuwa siku walipolinakili. Mstari ambao umebadilika kwa katibu mmoja tu huchukuliwa kwake; mstari ambao wote wawili wameubadilisha, kila mmoja kwa namna yake, hauamuliwi na yeyote mpaka watu waketi na kuzungumza. Git hufanya vivyo hivyo. Hutafuta hatua ya mwisho ambayo matawi yote mawili yalikuwa pamoja, hulinganisha kila tawi na hatua hiyo, na pale inaposhindwa kuamua huweka alama za mgongano ndani ya faili na kusimama.

Kusimama huko ndiko kulikomchosha kijana wetu. Katika timu yetu kuna wanaotumia Windows na wanaotumia Linux, kuna wanaosogeza mistari kwa nafasi za kawaida na kuna faili za zamani zilizosogezwa kwa kitufe cha Tab, ambacho sisi hukiita tabu, na kwa kweli jina lilifuata tabia. Mtu mmoja akifungua faili, kihariri chake, yaani programu anayoandikia msimbo, kinapanga upya nafasi za mistari ishirini bila yeye kujua. Mwingine amebadilisha neno moja ndani ya mojawapo ya mistari hiyo. Wanapounganisha, Git inasimama. Tofauti haionekani kwa macho. Nimewahi kumwona mtu mzima akiiweka pua yake karibu kabisa na kioo akitafuta tofauti kati ya mistari miwili iliyofanana herufi kwa herufi. Kijana huyu alikuwa amehesabu kwamba katika wiki moja alipoteza saa nne akitatua migongano ya namna hiyo, na sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Suluhisho alilolileta lilikuwa rahisi na, kwa mtazamo wa kwanza, la busara. Amri ya `unganisha` ingeita `git merge` kama kawaida. Iwapo kungetokea mgongano, ingebatilisha uunganishaji huo kwa `git merge --abort`, kisha ingejaribu tena kwa kuongeza `-Xignore-space-change`, chaguo linaloiambia Git ipuuze tofauti za idadi ya nafasi tupu. Mara hiyo ya pili ikifaulu, ingeandika "Imeunganishwa" na kuendelea. Ikishindwa, mtumiaji angerudishiwa mgongano wake autatue kwa mkono. Jaribio lake lilikuwa na faili moja, mgongano mmoja wa nafasi tupu, na matokeo sahihi.

Kanuni yetu inataka watu wawili waidhinishe. Mtu wa pili alikuwa mwenzetu mkubwa kuliko sisi wote, ambaye kila mtu ofisini humwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha hesabu. Hakuidhinisha wala hakukataa. Usiku ule aliandika swali moja tu: "Amri hii inaporudia mara ya pili, inarudia faili lililogongana peke yake, au inarudia kila kitu?"

Nililisoma swali hilo nikiwa nimekwisha kula, na nikagundua kwamba sikuwa na jibu, ingawa jina langu lilikuwa tayari limo kwenye orodha ya walioridhika. Nilijua kila mstari wa badiliko lile ulifanya nini. Sikujua ulikuwa unafanya nini kwa mistari ambayo haikuonekana pale. Aliyesoma mistari 17 mipya amesoma mistari 17, lakini amri yenyewe inapita juu ya maelfu ya mistari mingine ambayo skrini ya ukaguzi haiionyeshi kamwe.

Ijumaa niliwahi kazini kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Nilitengeneza hazina mpya ya majaribio, yaani folda inayotunzwa na Git, yenye faili mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuleta mgongano alioulenga kijana: upande mmoja nafasi za mstari zimepangwa upya, upande wa pili neno limebadilishwa ndani ya mstari huohuo. Ya pili nilinakili umbo lake kutoka kwenye hitilafu ambayo tuliwahi kuwa nayo sisi wenyewe. Kulikuwa na kitanzi kinachopitia mikopo yote. Ndani yake kulikuwa na sharti linalouliza kama mkopo umechelewa. Chini ya sharti kulikuwa na mstari wa kuandika ilani. Na baada yake mstari wa kuongeza adhabu. Mstari huo wa mwisho ulikuwa umesimama nje ya sharti, sambamba nalo, na kwa hiyo kila mkopo uliongezewa adhabu, hata uliolipwa siku tatu kabla ya wakati. Marekebisho yake yalikuwa kuusogeza mstari huo kulia kwa nafasi nne. Hakuna herufi iliyobadilika. Katika Python, tofauti na lugha nyingi nyingine ambazo mipaka ya kundi la amri huwekwa kwa mabano, nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari ndizo zinazosema mstari huo ni wa nani.

Kwenye tawi la marekebisho niliweka nafasi hizo nne, na chini kabisa ya faili nikaongeza mstari wa kumtumia mwanachama ujumbe wa kumwarifu kuhusu adhabu. Kwenye tawi kuu nilibadilisha kitu kingine kisichohusiana nayo, juu kabisa ya faili hiyohiyo, kuhusu namna ya kukadiria senti. Kisha nikasimama kwenye tawi kuu na kuunganisha kwa Git yenyewe, bila skripti. Faili ya kwanza ikaleta mgongano, kama ilivyotarajiwa. Ya pili ikaungana bila neno: senti zimo, ujumbe umo, nafasi nne zimo.

Nikafuta, nikarudia kwa skripti ya kijana. "Imeunganishwa." Namba ya kutokea, yaani ile ambayo amri huiacha inapomaliza kazi, ilikuwa 0, ambayo kwa Git maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa, wakati mgongano hutoa 1. Nikafungua faili ya pili. Senti zimo. Ujumbe umo. Nafasi nne hazimo. Yaani mwanachama aliyelipa mapema angetozwa adhabu asiyostahili, kisha angetumiwa ujumbe wa adabu wa kumwarifu.

Hapo jibu la swali la Mwalimu lilikuwa limepatikana. Chaguo lile halihusu mgongano uliolileta. Linahusu kuunganisha kote. Mgongano katika faili moja uliifanya amri irudie kazi nzima kwa macho yasiyoona nafasi, na faili ya pili, ambayo haikuwa na ugomvi na mtu, ikapoteza marekebisho yake kwa sababu ya ugomvi wa jirani. Mwongozo wa Git haufichi jambo hili: unasema kwamba ikiwa toleo la upande unaoletwa limebadilisha nafasi tupu peke yake katika mstari, toleo letu ndilo linalotumika. Sentensi hiyo niliwahi kuisoma miaka mingi iliyopita na nikaikubali kwa kichwa kama mtu anavyokubali masharti ya benki.

Nilijaribu na kinyume chake. Niliposimama kwenye tawi la marekebisho na kulileta tawi kuu ndani yake, nafasi nne zilibaki. Kazi ileile, matawi yaleyale, mgongano uleule, lakini matokeo yalitegemea umesimama upande gani ulipotoa amri. Kwangu mimi hilo lilikuwa baya kuliko upotevu wenyewe, kwa sababu hitilafu inayotokea siku moja na kutotokea siku inayofuata ndiyo inayokula wiki za watu. Niligundua pia kwa nini mtu angeweza kuitumia amri hiyo miezi mingi bila kuona kitu: faili ambayo imeguswa na upande mmoja tu huchukuliwa nzima kama ilivyo, bila kulinganishwa mstari kwa mstari, na kwa hiyo hatari iko tu kwenye faili zilizoguswa na pande zote mbili. Hizo ni chache kwa siku, lakini ndizo faili ambazo kila mtu anazifanyia kazi, na katika programu yetu faili ya adhabu ni mojawapo.

Majaribio yetu yanayoendeshwa mwishoni yangeligundua? Niliyaendesha. Yalipita yote. Majaribio ya adhabu yalikuwa yanakagua mikopo iliyochelewa, na hayo yalitoa hesabu sahihi; hakuna aliyekumbuka kuandika jaribio la mkopo ambao haukuchelewa.

Kijana alifika saa mbili na robo akiwa na mandazi ndani ya mfuko wa karatasi. Nilimwomba aketi kabla hajafungua kompyuta yake, nikamwambia kwamba naondoa idhini yangu.

"Dada, lakini jana ulisema umeridhika," akasema.

"Nilisema. Nilisema bila kuiendesha hata mara moja. Ukitaka kumlaumu mtu, anza na mimi."

Alinyamaza kidogo, kisha akaomba aone. Nilimwonyesha mara moja. Yeye akarudia mwenyewe mara tatu, na mara ya tatu akageuza matawi bila mimi kumwambia. Ndipo aliposema jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile: "Kwa hiyo Git haijakosea. Imefanya nilichoiambia." Nilimwitikia kwamba ndivyo, na kwamba tatizo la pili lilikuwa langu na si lake.

Tatizo hilo la pili nililigundua nilipokuwa nikisubiri maji ya chai yachemke. Skripti yetu hukataa kuunganisha kama kuna kazi isiyohifadhiwa, ila mtumiaji akiongeza `--lazimisha` humwacha apite. Kibali hicho nilikiweka mimi, kwa haraka, siku moja nilipokihitaji. Sasa amri ya kijana ilikuwa inaita `git merge --abort` yenyewe, bila kumuuliza mtu, na mwongozo unaonya waziwazi kwamba ikiwa kulikuwa na mabadiliko yasiyohifadhiwa kuunganisha kulipoanza, amri hiyo wakati mwingine hushindwa kuyarejesha kama yalivyokuwa. Mtu anayeandika `git merge --abort` kwa mkono wake ameamua kuihatarisha kazi yake. Mtu aliyeandika `unganisha --lazimisha` hakuamua hivyo. Kibali changu na badiliko lake, kila kimoja peke yake, hakikuwa na madhara makubwa. Hatari ilizaliwa vilipokutana, na skrini ya ukaguzi ilionyesha kimoja tu.

Mazungumzo ya siku zilizofuata yalikuwa marefu kuliko nilivyotaka, kwa sababu kijana hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Hoja yake ilikuwa kwamba saa nne kwa wiki ni hasara ya hakika, wakati nafasi nne zilizopotea ni hasara ya kubuni. Nilimjibu kwamba nafasi hizo hazikuwa za kubuni, kwa kuwa tuliwahi kulipa gharama yake. Lakini jibu lililomgusa zaidi lilikuwa mwenendo wa Git yenyewe. Linus Torvalds alipoianzisha mwezi wa Aprili 2005, mwongozo wake uliielezea kama mfuatiliaji mjinga wa yaliyomo, na maneno hayo yamo hadi leo. Ujinga huo ni wa makusudi: isipojua, isimame. Toleo la 2.9 la mwaka 2016 lilifanya amri ya kuunganisha ikatae kuziunganisha historia mbili ambazo hazina chanzo kimoja, mpaka mtumiaji aombe kwa chaguo maalumu, ingawa kabla ya hapo ilikuwa inaziunganisha bila kuuliza. Na toleo la 1.7.10 la mwaka 2012 lilipoanza kufungua kihariri ili mtu aeleze sababu ya kuunganisha, waliacha njia ya kuizima tabia hiyo kwa ajili ya skripti za zamani ambazo hazikuwa na mtu wa kujibu. Hata injini mpya ya kuunganisha iitwayo ort, iliyofanywa chaguo-msingi, yaani inayotumika mtu asipotaja nyingine, katika toleo la 2.34 la Novemba 2021, ilikaa kwanza kama chaguo ambalo mtu alilazimika kulitaja.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza kama basi tukae na migongano yetu milele. Hapo Mwalimu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka dirishani, akasema kwamba tumekuwa tukibishana kuhusu dawa ya homa bila kumpima mgonjwa malaria. Kwa nini nafasi zilikuwa zinabadilika hata kidogo?

Basi tukapima. Kijana alizipitia hatua za miezi miwili, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa katika Git, na kuziainisha. Sehemu kubwa ya migongano haikuwa ya nafasi za mwanzo wa mstari kamwe. Ilikuwa ya mwisho wa mstari, kwa sababu Windows humalizia mstari kwa alama mbili na Linux kwa moja. Kwa hilo Git ina dawa yake inayofanya kazi bila kugusa maana ya Python: faili ya `.gitattributes` inayoamua mwisho wa mistari kwa hazina nzima, na chaguo la kuunganisha liitwalo `renormalize`, ambalo husawazisha matoleo yote matatu kabla ya kuyalinganisha. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya vihariri vinavyopanga mistari kila kimoja kwa ladha yake. Tuliafikiana kuipanga upya hazina yote kwa programu moja ya kupanga msimbo, siku moja, baada ya kuyaunganisha matawi yote yaliyokuwa wazi, na kuiandika hatua hiyo katika orodha ya hatua zinazorukwa mtu anapotafuta nani aliandika mstari fulani, jambo ambalo Git inaliwezesha tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019. Bila orodha hiyo, jina la kijana lingeonekana kwenye kila mstari wa programu, na kila hitilafu ya miaka kumi ingekuwa yake.

Badiliko la amri ya `unganisha` lilirudi kwangu mara tatu zaidi. Katika toleo la pili alikuwa ameondoa kurudia kwa siri na kuweka chaguo `--puuza-nafasi` ambalo mtu hulitaja mwenyewe. La tatu liliongeza orodha: baada ya kuunganisha kwa chaguo hilo, amri inalinganisha matokeo na tawi lililoletwa na kuonyesha kila mstari ambao nafasi zake ziliachwa nje, ikiwa na jina la faili na namba ya mstari. La nne lilikuwa na majaribio sita badala ya moja, na mojawapo lilikuwa hazina yangu ya faili mbili, ikiendeshwa pande zote mbili. Maelezo yake yalikuwa yamebadilika pia. Yale ya kwanza yalieleza vizuri kinachofanywa. Haya yalianza na aya nzima kuhusu kinachoweza kupotea. Mimi kwa upande wangu niliondoa `--lazimisha`, na watu wawili walinilalamikia.

Toleo hilo la nne nililikagua mezani, asubuhi, nikiliendesha kwenye nakala ya hazina yetu halisi kabla ya kusoma mstari wowote. Lilinichukua saa moja na dakika ishirini kwa mistari ambayo haikufika sitini. Niliidhinisha, Mwalimu akaidhinisha baada yangu, likaingia.

Kuna jambo moja hatujalimaliza. Kijana anasema kwamba `--puuza-nafasi` ikatae kabisa kufanya kazi kama kuna faili ya Python au ya YAML, muundo wa faili za mipangilio, miongoni mwa zilizoguswa na pande zote mbili, kwa kuwa hizo ndizo ambazo nafasi zake zina maana. Mimi naona kwamba chaguo ambalo linakataa kwa karibu kila faili tuliyo nayo halina haja ya kuwapo, na nimemwambia alifute lote. Ameleta badiliko la kukataa. Nami nimeleta la kufuta. Mwalimu ana yote mawili mezani kwake tangu Jumatatu, na hadi sasa ameuliza swali moja tu, ambalo bado hatujapata jibu lake: ni nani amelitumia chaguo hili tangu tulipopanga msimbo upya?